Damu ya Majengo Isihukumiwe kwa Umri Wake

Wanawake wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ambao tangu mwaka 1985 walikubali kutoa damu zao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, waliufanyia ulimwengu hisani ambayo sisi majirani zao wa Eastlands hatujaithamini ipasavyo. Maana ndiyo damu iliyobainisha kwamba baadhi yao, waliokuwa wakitafuta riziki kwa biashara ya ngono wakati UKIMWI ukienea kwa kasi, hawakuambukizwa ijapokuwa walikabiliwa na virusi mara nyingi. Maarifa hayo yalizaa chanjo iliyojaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikufaulu, lakini maswali yangalipo, na aghalabu mtafiti mwenye swali jipya huiendea damu ya zamani.

Hapo ndipo nina neno. Damu ikishatolewa mwilini huendelea kuishi ndani ya kichupa na kula sukari yake, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la chumbani. Chembe nyekundu zikipasuka humwaga potasiamu, mtafiti akapima kitu ambacho mwilini mwa mama yule hakikuwa hivyo. Seli za kinga sharti zitengwe mapema, zipozwe polepole, kisha zitiwe katika mtungi wa nitrojeni ya majimaji, ambayo baridi yake hufika nyuzi 196 chini ya sifuri. DNA hustahimili miaka mingi. RNA huharibika upesi. Basi sampuli iliyo batili kwa swali moja yaweza kuwa sahihi kwa jingine, wala haifai kuzitia zote katika hukumu moja.

Ninachokihofia hasa ni kwamba sampuli iliyoharibika hainyamazi. Hutoa tarakimu kama nzima, na seli zilizodhoofika kwa kuyeyuka na kugandishwa tena zikionyesha kinga hafifu, udhaifu wa friza utaandikwa kuwa udhaifu wa mwanamke.

Dawa yake yajulikana. Vichupa vichache viyeyushwe kwanza, seli zitiwe rangi ya buluu ambayo huzipenya zilizokufa na kuziacha zilizo hai, kisha zihesabiwe. Majimaji ya damu yatazamwe kama yamegeuka mekundu. Lakini jicho halitaona kila taksiri, na kwa hiyo kila kichupa kiwe na historia yake: saa damu ilipotolewa, saa kilipogandishwa, mara kilizoyeyushwa, na hali ya joto usiku kama ule wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima.

Kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti zisipitishe ombi lolote la kutumia damu iliyohifadhiwa pasipo ithibati hiyo, na wafadhili waitengee fedha tangu mwanzo. Kadhalika akina mama wa Majengo waelezwe katika baraza, kwa Kiswahili, ni sampuli ngapi zingali nzima na zipi zimeharibika.