Stima ya Kibera: Kampuni Hulipwa kwa Mita, Si kwa Mwanga

Kila Kenya Power inapokata nyaya za wizi Kibera au Kawangware, lawama huwaangukia wakazi. Mimi naona tuanze na kanuni za bei, maana hizo ndizo zinazoamua kampuni itie pesa wapi.

Bei ya stima hupangwa na EPRA. Ndani yake kampuni huruhusiwa kurudisha gharama za nguzo, nyaya na transfoma, pamoja na sehemu ya umeme unaopotea njiani. Katika bei zilizoanza Aprili 2023 kikomo cha upotevu kilikuwa asilimia 18.5, ilhali upotevu wenyewe ulipita 20. Kinachozidi ni hasara ya kampuni. Sasa kaa wewe kwenye kiti cha meneja, una transfoma moja mkononi. Utaipeleka Lavington, au hapo jirani tu Kawangware, ambako wengi hutumia uniti chache kwa bei ya chini kabisa, na wengine wamejiunganishia wenyewe?

Hesabu ikibadilika, mambo hubadilika. Miaka kumi hivi iliyopita Benki ya Dunia ilisaidia kulipa ruzuku kwa kila nyumba ya mtaa wa mabanda iliyounganishwa, na pesa zilitoka baada ya kazi kukaguliwa. Mkazi alichangia Sh1,160, wakati ada ya kawaida ilikuwa Sh35,000. Kampuni, iliyokuwa imezoea kuja na makasi, ikaketi na watu wa mtaa. Kwa mwaka mmoja nyumba za namna hiyo nchini zikapanda kutoka 5,000 hadi 150,000.

Ila ruzuku ililipia mita kufungwa, si mita kuendelea kuwaka. Transfoma ikiungua, yule jamaa wa nyaya hurudi kubisha hodi: malipo ya mwezi, hakuna tokeni, hakuna fyuzi. Na mabanda yalivyobanana, cheche moja yatosha.

Ningekuwa EPRA, ningepima upotevu mtaa kwa mtaa, kampuni ibaki na sehemu ya kinachookolewa wizi ukipungua, kwa sharti irudishe stima ndani ya siku zilizowekwa.

Hapa kwetu Mombasa, Bangladesh na Kisumu Ndogo wanayajua haya. EPRA hukusanya maoni ya umma kabla ya kubadilisha bei. Wakija tena, wenzetu wa huko waende wakaulize: transfoma ikiungua, nani anatozwa kwa kila usiku wa giza?