Mcheza kwao hutunzwa: Tuwaenzi wanariadha na makocha wa vyuo wangali hai

KATIKA vyuo vya Marekani, hata vile vidogo vya miaka miwili vinavyojulikana kama vyuo vya jamii, kuna desturi ambayo wakazi wa Sosiot na eneo zima la majani chai la Kericho na Bomet wangefaa kuitafakari. Chuo huandaa karamu, kikawaalika wanariadha na makocha wake wa zamani, kikaeleza mbele ya wageni waliyoyatenda, kisha kikayaweka majina yao katika ukumbi wa mashujaa wa chuo hicho.

Wengi wa wanaotunzwa hivyo hawajulikani nje ya mji wao. Hawakushinda medali ya Olimpiki wala hawakuvunja rekodi ya dunia. Walikimbia, waliruka au waliwafunza wengine kwa miaka mingi, na chuo chao kikaona si haki majina yao yapotee.

Eneo la Kericho ndilo lililoipa Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Hivyo basi, ni halali kuuliza: sisi huwatunza vipi wanariadha wa shule na vyuo vyetu, na hasa walimu waliowanoa?

Historia yenyewe inafahamika. Mwaka 1964 jijini Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ijinyakulie uhuru. Miaka minne baadaye, jijini Mexico, Kiprugut alitwaa fedha katika mbio hizo hizo, akipitwa kidogo tu na Ralph Doubell wa Australia. Kenya ilirejea nyumbani na medali 9, tatu kati yazo zikiwa za dhahabu.

Kiprugut aliaga dunia mnamo Novemba 1, 2022. Tangu Tokyo hadi kifo chake ilikuwa imepita miaka 58. Huo ni muda wa kutosha kwa kizazi kizima cha wanafunzi kuzaliwa, kusoma na kustaafu.

Katika kipindi hicho eneo hili halikukauka vipaji. Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alijishindia shaba ya marathoni katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000. Emily Chebet kutoka Bomet alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2010 na tena 2013. Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kaunti ya Kericho aliyefanya mazoezi katika kambi ya Lemotit huko Londiani, alitwaa dhahabu mbili jijini Paris mwaka 2024, katika mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna mwanamke Mkenya aliyekuwa ameshinda mita 10,000 za Olimpiki kabla yake.

Mashujaa wa daraja hili hawakosi wa kuwapokea. Wanapotua uwanja wa ndege hukaribishwa kwa kibuyu cha mursik na kuvishwa shada la sinendet shingoni, kama mila za Wakalenjin zinavyotaka. Serikali huwapa hundi. Wanasiasa hupigania nafasi ya kupigwa picha nao.

Taifa pia lina taratibu zake. Katiba ya 2010 iliifanya Oktoba 20 kuwa Siku ya Mashujaa, na Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 ikaweka utaratibu wa kuwatambua watu waliolitumikia taifa, wanamichezo wakiwemo. Mwaka 2023 sherehe za kitaifa za siku hiyo zilifanyika papa hapa Kericho, katika uwanja wa Kericho Green. Aidha, tuzo za mwanamichezo bora wa mwaka, SOYA, zilizoasisiwa na Paul Tergat mwaka 2004, zina ukumbi wake wa mashujaa.

Hata hivyo, taratibu hizi zote humtazama mtu akiwa ameshafika kileleni. Zinamwona mshindi, hazimwoni aliyemwinua. Kati ya msichana anayekimbia bila viatu katika mashindano ya kanda na bingwa anayeshuka kwenye ndege kuna mwalimu wa michezo, kuna mkufunzi wa chuo, kuna wenzake kumi waliomsukuma mazoezini kisha wakaishia kuwa wauguzi, walimu na wachumaji chai. Hao hawana siku yao.

Mashindano ya shule nchini Kenya hupanda ngazi kwa ngazi: kanda, kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, hadi Afrika Mashariki. Vyuo vya ualimu navyo huwa na mashindano yao hadi ngazi ya kitaifa. Kila ngazi ina mshindi na kila mshindi ana mwalimu. Lakini ni shule ngapi zinazoweza kumwambia mgeni leo nani alishinda mita 1,500 za wasichana miaka 20 iliyopita, na nani alikuwa kocha? Mara nyingi kinachobaki ni kikombe kilichochujuka rangi katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, bila jina.

Sababu moja ni kwamba kumbukumbu ya michezo shuleni hukaa kichwani mwa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo akihamishwa au akistaafu, kumbukumbu humfuata. Sera ya kuwahamisha walimu mbali na maeneo yao ya nyumbani, ambayo Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuitekeleza kwa nguvu mwaka 2018 kabla ya kulegezwa baadaye, ilidhihirisha udhaifu huo. Shule iliyopoteza mwalimu wa michezo ilipoteza pia daftari lake la nyakati, urafiki wake na wazazi na jicho lake la kutambua kipaji.

Linganisha na Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten. Ndugu Colm O'Connell alifika pale kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa ukocha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, Peter Foster, aliyekuwa akisimamia riadha. Foster aliondoka, O'Connell akabaki. Miongoni mwa waliopitia shuleni humo ni Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, Matthew Birir, bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 1992, na Wilson Kipketer, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 akiiwakilisha Denmark.

Shule hiyo ilibuni njia yake ya kuwaenzi: miti iliyopandwa katika ua wa shule kwa heshima ya mabingwa, kila mti na kibao chenye jina. Mwanafunzi huipita kila siku akielekea darasani. Haikuhitaji bajeti ya serikali wala hoteli ya kifahari. Ilihitaji mtu wa kukumbuka na taasisi iliyokubali kumbukumbu hiyo iwe yake.

Tukirejea Marekani, tunakuta kwamba Wakenya wenyewe ni sehemu ya historia ya vyuo hivyo. Shirikisho la michezo la vyuo vya miaka miwili, NJCAA, lilianzishwa mwaka 1938, na kwa miongo kadhaa limekuwa mlango wa kuingilia kwa vijana wetu waliokosa karo au alama za kwenda moja kwa moja katika vyuo vikuu. Sally Kipyego alianzia South Plains College katika mji mdogo wa Levelland, Texas, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Texas Tech, alikojizolea mataji tisa ya vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2012 jijini London alitwaa fedha ya mita 10,000.

Kisa cha Henry Rono kinagusa zaidi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Hakuwahi kukimbia katika Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Maisha yake baadaye yalijaa ulevi na ufukara, mambo aliyoyaeleza mwenyewe waziwazi. Alirejea Kenya mwaka 2019 na kufariki Februari 2024. Kwa kipimo cha medali za Olimpiki, Rono ni sufuri. Kwa kipimo cha chuo alichosomea, ni miongoni mwa wakuu, na jina lake limo katika ukumbi wake wa mashujaa.

Hapo ndipo thamani ya heshima inayotolewa na chuo inapoonekana. Taasisi ndogo inaweza kukiona kile ambacho jedwali la medali haliwezi kukionyesha.

Kuna watakaopinga wakisema heshima hailiwi. Watauliza karamu na kibao vitamfaa nini mkongwe asiye na bima ya matibabu. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini jamii isiyojua majina ya wakongwe wake haiwezi hata kuanza kuwasaidia. Orodha ndiyo mwanzo wa msaada. Mzee aliyeketishwa mbele ya wanafunzi, wazazi na viongozi akiwa hai ana nafasi ya kusema anachohitaji, na wasikilizaji hawana pa kujificha. Tumezoea kusubiri mazishi, ambapo sifa humiminwa kwa mtu asiyeweza kuzisikia.

Wengine watatukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hili nalo ni onyo la haki, hasa wakati huu ambapo riadha ya Kenya imechafuliwa na dawa zilizopigwa marufuku. Ruth Chepngetich alivunja rekodi ya dunia ya marathoni jijini Chicago mnamo Oktoba 2024 kwa muda wa saa 2:09:56. Mwaka mmoja baadaye, Kitengo cha Maadili ya Riadha, AIU, kilimpiga marufuku ya miaka mitatu baada ya kupatikana na dawa iliyoharamishwa katika sampuli ya Machi 2025. Rekodi yenyewe ilibaki vitabuni kwa kuwa ilitangulia sampuli hiyo. Shule ingefanya nini ikiwa imepanda mti kwa jina la mwanariadha wa aina hiyo?

Jibu ni kuweka masharti mapema. Asiingizwe mtu kabla ya miaka kadhaa kupita tangu astaafu. Makocha wachunguzwe kwa makini zaidi kuliko wanariadha, kwa kuwa wao hukabidhiwa watoto wa watu, na mwalimu aliyemdhulumu mwanafunzi hastahili kibao hata kama alinoa mabingwa 10. Kuwe pia na kifungu cha kuondoa jina. Ukumbi usio na masharti hugeuka kuwa jukwaa la wafadhili na wanasiasa.

Sosiot ni mahali pafaapo kuanzia. Ni mji mdogo wa Belgut uliozungukwa na mashamba ya chai, wenye shule ya upili ya wasichana inayobeba jina lake. Katika eneo bunge hilo hilo kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013. Shule, vyuo na chuo kikuu vikiungana, haviwezi kushindwa kukusanya majina, picha na nyakati za wanariadha waliopitia mikononi mwao. Kazi ya kuwahoji wazee inaweza kuwa mradi wa wanafunzi wa historia au Kiswahili.

Karamu yenyewe haihitaji makuu. Chai ipo, mursik ipo, na ukumbi wa mlo wa shule unatosha. Kinachohitajika ni uaminifu katika mambo matatu. Kwanza, gharama zisiongezwe kwenye karo, kwani wazazi wengi hutegemea bonasi ya chai kulipa karo hiyo. Pili, kwa kila mwanariadha anayetunzwa, atunzwe pia aliyemfunza. Tatu, nafasi ziwepo kwa wale ambao hawakuvuka ngazi ya kaunti, mradi walitoa mchango unaokumbukwa.

Sharti hili la tatu ndilo litakaloonyesha kama tumeelewa. Msichana wa shule anayefikiria kuacha mbio hajilinganishi na Beatrice Chebet, kwani huyo yuko mbali mno. Hujilinganisha na mwanamke wa kijiji chake aliyewahi kukimbilia shule ile ile, akapata nafasi ya chuo kwa sababu ya mbio, na leo ni muuguzi katika zahanati. Akimwona mwanamke huyo amevishwa sinendet mbele ya shule nzima, pamoja na mwalimu aliyemfunza, atajua kwamba jasho lake linaonekana hata kama halitamfikisha Olimpiki. Na mwalimu kijana anayebaki uwanjani hadi jioni bila marupurupu atajua vivyo hivyo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wana wa Kericho na Bomet wamecheza Tokyo, Mexico, Sydney na Paris, na huko kote wakatunzwa. Sasa ni zamu ya shule na vyuo walikofunzwa kukimbia, na kazi ya kwanza ni kufungua daftari na kuandika majina wakati wenyewe wangalipo kuyathibitisha.