Gari Letu, Ufunguo wa Wengine

Wiki mbili sasa gari la shemeji yangu limeegeshwa chini ya mwembe katika gereji moja hapa Bububu. Injini ni nzima. Sensa ya breki iliyoharibika imeshabadilishwa, na spea iliyofungwa ni halisi. Kilichobaki ni kuijulisha kompyuta ya gari kwamba sensa mpya imefungwa, na kompyuta imekataa. Mashine ya kupimia ya fundi inaruhusiwa kuisoma hitilafu, lakini hairuhusiwi kuifuta. Gari linataka kwanza liunganishwe na mtandao wa mtengenezaji, kwa akaunti iliyosajiliwa na kulipiwa, na akaunti hiyo haifunguliwi kwa anuani ya Zanzibar.

"Daktari," fundi aliniambia, "gari hili si bovu. Limefungwa tu."

Naandika kwa sababu nimewasikia watumishi wa umma wakilieleza jambo hili kuwa ni tatizo la fundi asiyesoma. Fundi huyu anasoma michoro ya umeme ambayo wengi wetu wenye shahada tusingejua tuanzie wapi.

Chanzo ni hofu ya haki kabisa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walilidhibiti kwa intaneti, kutoka mbali, gari aina ya Jeep Cherokee likiwa barabarani. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Juni 2020 jukwaa la Umoja wa Mataifa la kanuni za magari likapitisha Kanuni Na. 155 juu ya usalama wa mtandao na Na. 156 juu ya kusasisha programu za gari. Umoja wa Ulaya ukazifanya kuwa sharti kwa aina mpya za magari Julai 2022, na kwa kila gari jipya Julai 2024. Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, nayo inazifuata, na tangu Oktoba 2024 ukaguzi wa lazima nchini humo umeanza kuisoma pia kompyuta ya gari.

Sina ugomvi na kanuni hizo. Kanuni Na. 155 inamtaka mtengenezaji athibitishe kuwa anazidhibiti hatari za kimtandao; haimwagizi amfungie mlango fundi wa mtaani. Wapo watengenezaji waliolivaa joho la usalama ili wauze ufunguo. Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni za gereji na vioo vya magari dhidi ya FCA Italy, iliamua kuwa mtengenezaji hawezi kumwekea fundi huru masharti yasiyomo katika sheria, kama vile kujisajili au kuunganishwa na seva yake, ndipo aifikie kompyuta ya gari. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walikuwa wameshaidai haki inayofanana na hiyo katika kura ya mwaka 2020. Walioipata waliipigania, na fundi wao ana mahakama ya kukimbilia.

Wa kwetu ana nini? Ana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya haki. Gari la leo ni mfumo wa kompyuta. Fundi akilivunja kufuli ili mwenye gari apate mali yake, ni fundi au ni mhalifu? Suala hili lilipaswa kujibiwa kabla gari halijashuka bandarini Malindi.

Najua nitajibiwa kuwa magari hayo ni machache, na kwamba bado tunaendesha IST na Noah. Lakini sisi hununua yaliyotumika: gari jipya la Japani la mwaka 2024 ndilo letu la miaka michache ijayo, na kijana aliyeko leo katika mafunzo ya amali ndiye atakayeletewa.

Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hudai magari yaliyotumika yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Basi na iongeze sharti moja: muuzaji aoneshe kwamba gari hilo linaweza kupimwa na kurekebishwa hapa, na fundi asiye wakala wa kampuni. Serikali nayo idai akaunti za mafundi kwa sauti moja na wenzetu wa Afrika Mashariki, kwani soko la Unguja peke yake halimtishi mtengenezaji yeyote. Gharama yake ni barua na vikao, mambo ambayo hatujawahi kuyapungukiwa.

Hivi sasa fundi ameshapata namba ya kijana wa Dar es Salaam anayeuza programu iliyovunjwa, haijulikani imetoka wapi wala ndani yake mna nini. Jumamosi ataiunganisha na breki za gari linalowapeleka skuli watoto watatu.