Hiyo Nyota Umeitoa Wapi?

Tuseme ukweli jamani, maana tukifichana tutaumbuka. Desemba iliyopita fundi mmoja wa mtaani kwetu, kijana kama wewe na mimi, alikaa wiki nzima akitengeneza mti wa Krismasi. Mti wa mbao hasa! Paini ya makreti mabovu, vipande kumi na viwili vimepigwa randa, kirefu chini, kifupi juu, vyote vimetobolewa na kuchomekwa kwenye fimbo moja, unavizungusha upendavyo. Kazi safi. Kisha akapanda daladala mpaka Kariakoo, akanunua nyota ya plastiki inayong'aa kama karatasi ya pipi, akaibandika kileleni kwa gundi. Mti ukafa palepale.

Nikamwuliza, "Sasa fundi, umefanya nini?"

"Mteja ndivyo anavyotaka, kaka. Bila nyota ya dukani anasema mti haujaisha."

Simlaumu, njaa naijua. Ninagombana na ile imani kwamba mkono wetu unafika shingoni tu, kichwa lazima kije kwa meli.

Najua wapo watakaoruka: "Wewe, nyota ndiyo mila!" Mila ya nani? Nyota imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 2. Malaika wa wachungaji wako kwa Luka, sura ya 2. Mti je? Tafuta mpaka kesho, hauko kwa Mathayo wala kwa Luka. Mti ni desturi ya Wajerumani, na Wajerumani hao kileleni waliweka kile ambacho mikono yao ilikijua. Nuremberg, mji wa mafundi wa madini, wakamfanya malaika mwenye sketi ya marinda kwa bamba jembamba la shaba ya manjano. Kule Niesky, katika shule ya Wamoraviani, karne ya 19 wanafunzi walikuwa wakiunda nyota za karatasi zenye miiba pande zote, eti somo la jiometri! Ni Wamoraviani haohao waliofika Rungwe mwaka 1891. Nyota yao ilianza kama kazi ya darasani. Haikuagizwa dukani.

Lakini wanaonikuna zaidi ni watu wa milima ya Erzgebirge. Walikuwa wachimba madini. Machimbo yalipozidi kufifia, wengi wakashika mbao. Wakaunda mti wa mbao wa ghorofa ghorofa, wenye mishumaa chini na panga za feni juu kabisa. Mishumaa ikiwaka, hewa ya moto inapanda, inasukuma zile panga, na ghorofa zake zinazunguka pamoja na wachungaji na kondoo. Umeona? Kilele chao kina kazi. Kiondoe, mti unasimama kimya. Ile nyota ya Kariakoo ukiiondoa, nini kinapungua? Gundi tu.

Halafu sisi tunasema hatuna kitu! Gerezani pale mafundi wanakata bati, kopo la maziwa linageuka kibatari mbele ya macho yako. Fundi wa namna hiyo akishindwa nyota basi mimi nimeshindwa kuandika. Chora ncha tano juu ya bati, kata, kisha ikunje: mstari unaotoka kwenye ncha kwenda katikati uinuke, ule unaotoka kwenye pembe ya ndani uzame. Bati lililokuwa bapa linatuna, linashika mwanga kila upande bila rangi yoyote. Piga msasa kingo zisikate watoto. Nyuma lehemu msumari, toboa fimbo, chomeka. Mwakani unaichomoa, unaiweka kabatini.

Kifuu nacho ni chepesi na kinang'aa kikisuguliwa. Ila tafadhali usiniletee malaika wa mpingo juu ya fimbo ya paini. Mpingo ni mzito, hata majini unazama. Mti utaanguka kabla ya mkesha, na lawama utaniletea mimi.

Na nyie waandishi wenzangu msicheke, maana ugonjwa ni huohuo. Kila mara naletewa hadithi ya Manzese, kuna matope, kuna mama ntilie, lugha inatembea yenyewe, mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo ghafla shujaa anapata viza, anaagwa uwanja wa ndege, basi. Hiyo ni nyota ya plastiki. Mwandishi aliogopa kwamba bila kitu cha dukani msomaji atasema hadithi haijaisha.

Nimerudi kwa yule fundi juzi, tukabishana tena. Safari hii nilikwenda na kititia mkononi, kile cha majani ya mnazi ambacho watoto wa pwani hukimbia nacho kikizunguka. Nikakichomeka kwenye fimbo ya mti wake mpya, mlangoni, upepo ukiwa unatoka baharini. Kikagoma. Akakitoa, akapanua tundu kwa ncha ya kisu, akapaka sabuni, akakirudisha. Kikazunguka.

"Majani yatakauka," akasema.

"Yatasinyaa. Utasuka kingine."

Akanyamaza kidogo, kisha akachukua kipande cha bati akaanza kupima panga.