Vazi Jeupe la Malkia na Vazi Jeupe la Mbatizwa



Tarehe 18 Mei 2025, katika Misa ya kuanza rasmi utume wa Baba Mtakatifu Leo XIV, Malkia Letizia wa Hispania alionekana amevaa nguo nyeupe na mtandio mweupe. Kwa desturi ya itifaki ya Vatikano, mwanamke anayefika mbele ya Papa katika tukio rasmi huvaa nyeusi. Nyeupe ni upendeleo wa malkia Wakatoliki na wachache wengine wa koo za kifalme. Wiki tatu kabla, katika mazishi ya Papa Fransisko, malkia huyo huyo alivaa nyeusi, kwani msibani hakuna upendeleo.

Sisi wa Unguja twajua vema kwamba nguo husema. Katika Makumbusho ya Kasri, karibu na Forodhani, zimo picha za masultani: joho, kilemba na jambia kiunoni. Barazani kwa Sultani, cheo cha mtu kilijulikana kabla hajafungua kinywa. Lakini nje ya picha hizo walikuwapo watumwa, waliojulikana kwa kichwa kitupu, miguu mitupu na kipande cha marekani au kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliopata uhuru walivaa kanzu na kofia. Wanawake wakaacha kaniki, wakajitanda kanga, na baadaye buibui. Kwa nguo hizo walitangaza utu ambao Mungu alikuwa amewapa tangu mwanzo.

Basi itifaki si dhambi. Twafurahi kuwaona majirani zetu Waislamu wakienda katika Baraza la Idi wamependeza kwa kanzu, nasi mapadre huvaa kasula altareni kwa heshima ya Mafumbo Matakatifu. Hatari huanza pale nguo inapogeuka kuwa lango.

Hilo limo pia katika parokia zetu. Tumekutana na wazazi walioomba mtoto asubiri mwaka mwingine kupokea Komunyo ya Kwanza, ingawa mafundisho ameyamaliza, kwa sababu gauni na viatu vyeupe havijapatikana. Sheria ya Kanisa humtaka mtoto awe na maarifa ya kutosha na maandalizi mema, haimdai gauni. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, aliwakemea waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini.

Mtu aweza kuuliza: je, yule aliyetolewa arusini kwa kukosa vazi, katika sura ya 22 ya Injili ya Mathayo? Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba vazi hilo ni upendo. Mshonaji hawezi kuliuza, na maskini hakosi uwezo wa kulivaa.

Siku ya Ubatizo, Kanisa humvika kila mtoto vazi jeupe, awe wa mvuvi, wa mkulima wa karafuu au wa waziri. Rangi ambayo itifaki huwahifadhia malkia, neema huwagawia wote. Kwa hiyo twapendekeza kila parokia ishone majoho meupe ya mtindo mmoja, yatunzwe sakristia na kuazimwa na watoto wote, wenye nacho na wasio nacho. Mwaka huu asibaki mtoto nyumbani kwa ajili ya nguo.