"Mpe Tu, Aleji ni Uzungu": Kauli Inayowaweka Watoto wa Dodoma Hatarini

Kuna kauli moja inawachosha sana wazazi vijana wa Dodoma siku hizi: "Mpe tu bwana, hizo aleji ni uzungu." Inasemwa na mama mkwe, inasemwa na jirani, inasemwa na shoga wa saluni. Na mara nyingi anayesema hana roho mbaya hata kidogo. Anampenda mtoto kwelikweli. Hapo ndipo penye shida, maana mkono unaoweza kumdhuru mtoto mwenye mzio wa chakula ni mkono wa mtu anayempenda, tena umeshika kijiko.

Mchukulie mama mmoja wa Ilazo, jina kapuni. Ni mtumishi wa umma, kahamia Dodoma kikazi kama wenzake wengi tangu 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kweli. Baba watoto bado yuko Dar, anakuja na SGR Ijumaa, Jumapili anageuza. Watoto wawili: wa kwanza ana miaka mitatu na nusu, ndiyo kwanza kaanza chekechea. Mdogo ana miezi minane, na siku alipoonjeshwa uji wa lishe, ndani ya dakika chache midomo ilivimba, mabaka yakajaa shingoni, akatapika. Hospitali wakapima, wakasema ni karanga, asipewe kabisa. Rahisi kusema. Sasa jaribu kuishi nayo Dodoma!

Dodoma na karanga ni chanda na pete. Kongwa hapo ndipo Waingereza walipoleta matrekta mwaka 1947, wakitaka kugeuza pori kuwa shamba kubwa la karanga, na kufika 1951 wakausitisha mradi wenyewe. Mradi ulikufa, karanga ikabaki. Iko kwenye mlenda, iko kwenye mboga za majani, iko kwenye kashata, iko kwenye kikaratasi cha yule kijana anayepita na ndoo barabarani. Na iko kwenye unga wa lishe, ule wanaochanganya mahindi, ulezi, soya na karanga. Ukishasagwa, macho hayawezi kukwambia kilichomo.

Tuhuma ya "uzungu" haina mashiko. Mzio ni kinga ya mwili kukosea, kuona chakula cha kawaida kama adui na kuanza kupigana nacho. Vinavyosumbua zaidi watoto ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, soya, ngano na samaki. Kipi hapo kimeshuka na ndege? Zamani mtoto akivimba ghafla baada ya kula, maelezo yalikuwa mengi: kijicho, mchango, meno yanaota. Ugonjwa ulikuwepo, jina ndilo halikuwepo.

Lakini upande wa pili nao wana lao. Wapo wazazi wanaojipa udaktari wa TikTok. Mtoto katoka kipele kimoja, basi kesho kakatiwa mayai, maziwa, samaki na karanga, anabaki na uji mtupu. Huyo hajakingwa, kanyimwa chakula. Utafiti maarufu wa London uliotoka 2015 ulifuatilia watoto 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya mzio. Walioanzishiwa karanga mapema, kabla ya kufikisha mwaka, na wakaendelea kuila, walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo kuliko waliozuiwa, tofauti ikiwa zaidi ya asilimia 80. Maana yake, kumficha mtoto mzima na chakula kwa hofu kunaweza kuuleta ugonjwa wenyewe. Na maana yake siyo kwamba mtoto aliyeshavimba ajaribiwe tena nyumbani. Huyo ni wa daktari. Mzio wa maziwa na mayai watoto wengi huuacha wakikua, wa karanga wengi hubaki nao, na anayepaswa kusema lini kujaribu tena ni mtaalamu, siyo grupu la WhatsApp.

Tuje kwenye swali lenyewe: nani anamlisha huyu mtoto? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Baba anapewa siku 3. Hesabu ni nyepesi: mtoto anaanza kuonja vyakula akiwa na miezi sita, wakati huo mama alisharudi ofisini Mtumba na baba yuko mbali. Kijiko kiko kwa dada wa kazi, kwa bibi aliyekuja kutoka Mpwapwa kusaidia, au kwa mama wa nyumba ya pili. Kama habari ya mzio anayo mama peke yake, kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni hakuna anayeijua.

Na kuna mtu mmoja nyumbani humo anayesahaulika kila siku: yule wa chekechea. Shuleni anafundishwa kugawana. Nyumbani anapigiwa makofi akimmegea mdogo wake. Anarudi saa sita na kipande cha kashata mfukoni, vidole vimejaa mafuta ya karanga, kitu cha kwanza anakimbilia kumbusu mtoto. Utamlaumu kwa lipi? Ila mtoto wa miaka mitatu anaelewa sentensi fupi ikirudiwa: "Mtoto hapewi kitu mpaka dada aseme." Na anaweza kuzoea kunawa mikono na mdomo kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mdogo. Sabuni, siyo kile kitakasa mikono cha kwenye begi, maana hicho hakiondoi karanga. Mwalimu naye aambiwe leo, kwa maandishi, asisubiri mdogo aje kuandikishwa.

Kila anayebaki na mtoto ajue dalili pia. Mabaka na kuvimba ni za kuangalia kwa makini na kupiga simu. Akianza kukohoa mfululizo, kupumua kwa shida, sauti kubadilika au kulegea, hapo ni bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, moja kwa moja hospitali, kwa sababu anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Maziwa "ya kukata sumu" hayasaidii, na mtoto akiwa na mzio wa maziwa ndiyo umemmaliza. Kumsubiri baba apokee simu nako ni kupoteza dakika.

Halafu baba. Wengi hutuma hela ya dawa, wanauliza "anaendeleaje?", wanadhani wamemaliza. Bibi akisema "mbona nyie mlikula karanga na mko wazima," anayeachwa ajibu ni mkwe, na mkwe akijibu anaitwa mjuaji, ana dharau, kasoma sana. Hiyo siyo haki. Kazi ya kumweleza bibi ni ya mtoto wa bibi. Simu moja ya baba, kwa heshima, "Mama, daktari kakataza, naomba unisaidie kumlinda mjukuu wako," inafanya kazi kuliko ugomvi wa miezi sita jikoni. Bibi akipewa jukumu badala ya katazo, atakuwa mlinzi mkali kuliko wote, hata jirani hatathubutu kuleta kashata.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aleji siyo aibu, wala siyo madeko, wala siyo siri ya mama.

Wadau, kwenu nani anabaki na mtoto mkiwa kazini, na je, anajua kitu ambacho hatakiwi kumpa? Na akina baba, nani kati yenu ameshapiga hiyo simu kwa mama yake? Fungukeni hapo chini.