KONA YA FAMILIA: Gemu ya matofali, thamani yake iko wapi?

Mwezi huu tunaongea juu ya kitu kidogo cha mkononi kilicholeta maneno makubwa katika nyumba ya jirani yangu.

Kijana wa nyumba hiyo, mwenye miaka 15, alichukua kilo nne za unga wa posho akaenda nazo sokoni bila kumwambia mama yake. Akarudi na gemu ya matofali, ile ya plastiki yenye kioo cha kijivu na maandishi ya 9999. Mama alipouliza unga uko wapi, kijana akajibu, "Mama, usikasirike. Muuzaji ameniambia gemu za zamani kama hii Wazungu wanazinunua kwa maelfu ya dola. Tutaiuza, tutakula mwaka mzima."

Mama akakaa chini akalia. Kesho yake akanijia: "Papa, wewe unasomasoma magazeti. Niambie ukweli. Hii kitu ina pesa ao haina?"

Nilimjibu, na leo ninawajibu wote, kwa sababu nimesikia si yeye peke yake aliyeambiwa hivyo.

Gemu hii ilitoka wapi?

Jina lake la kweli ni Tetris. Aliyeibuni ni Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Moscow, katika mwaka 1984. Alipenda mchezo wa kupanga vipande, ambao kila kipande kina miraba mitano. Alipoona vipande hivyo ni vingi mno, akapunguza miraba ikawa minne. Hapo yakabaki maumbo saba tu. Kompyuta yake haikuweza kuchora picha, basi vipande akavitengeneza kwa alama za maandishi, mabano tu.

Wenzake kazini wakaupenda, ukaenea mji mzima, kisha ukavuka mpaka. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikauza mchezo huo pamoja na mashine yake ndogo ya mkononi, Game Boy. Kaseti za Tetris za Game Boy ziliuzwa kama milioni 35. Lakini Pajitnov mwenyewe hakupata fungu lake la mauzo kwa miaka mingi, kwa sababu haki zilikuwa mikononi mwa serikali ya nchi yake. Alianza kulipwa mwaka 1996. Kwa hiyo hata mwenye kubuni alingoja miaka 12.

Inachezwaje?

Vipande vinashuka kutoka juu kimoja kimoja. Wewe unavigeuza na kuvisogeza kabla havijafika chini. Msitari ukijaa kutoka upande mpaka upande, unafutika. Ukiacha shimo, msitari haufutiki, na matofali yanapanda mpaka juu. Hapo umekwisha.

Wengi wanacheza kwa haraka ya kufuta msitari mmoja mmoja. Kumbe hesabu ya alama haiko hivyo. Katika ile ya Game Boy, ukianza ngazi ya chini kabisa, msitari mmoja ni alama 40, miwili ni 100, mitatu ni 300, lakini minne kwa mara moja ni 1,200. Yaani mtu aliyefuta mmoja mmoja mara nne anapata 160 tu. Aliyevumilia anamzidi zaidi ya mara saba.

Basi shika mambo matatu. Kwanza, panga chini pawe sawasawa, usijenge minara. Pili, acha njia moja wazi upande wa ukuta, ungoje kile kijiti kirefu. Tatu, usitazame kipande kinachoshuka peke yake. Tazama pia kile kinachofuata, kimeonyeshwa pembeni. Na usikasirikie kipande kibaya. Kimekwisha kuja, kitafutie mahali.

Gemu hii haina mwisho wa ushindi, inaongeza mbio tu. Mwezi wa 12 mwaka 2023, kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, alicheza ile ya Nintendo ya kwenye televisheni mpaka mashine yenyewe ikaganda, akiwa ngazi ya 157. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuonekana akifika hapo.

Na pesa?

Ni kweli kuna watu Ulaya, Marekani na Japani wanaokusanya gemu za zamani. Lakini hawanunui uzee. Wananunua uchache, hali nzuri na ushahidi.

Tazameni mifano. Kaseti ya Tetris ya Game Boy ina zaidi ya miaka 35 sasa, lakini kwa sababu zilitoka mamilioni, ikiwa peke yake bila boksi bei yake ni ndogo. Ikiwa ndani ya boksi lake ambalo halijafunguliwa, hapo bei inapanda sana, maana watoto karibu wote walifungua. Kampuni ya Sega ilitengeneza Tetris ya mashine yake mwaka 1989, ikazuiwa kwa ugomvi wa haki kabla ya kuuzwa. Nakala chache sana zilitoka, na hizo ndizo za maelfu ya dola. Uchache huo umeleta hata waghushi, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili anadai ushahidi kwanza.

Mfano wa mwisho ndio niliompa mama. Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi, Aleksandr Serebrov, alipanda na Game Boy yake na Tetris mpaka kituo cha Mir, juu kabisa angani. Mwaka 2011 ikauzwa mnadani kwa dola 1,220. Sasa, ikiwa ile iliyozunguka dunia mara elfu kadhaa ilipata hizo, je, hii ya sokoni kwetu, iliyotengenezwa kwa wingi na watu wasiojulikana, bila boksi, itapata ngapi?

Mama akanyamaza. Kijana akainamisha kichwa. Nikasema, "Unga umekwenda. Mtoto aombe msamaha, na abebe maji na kuni mpaka mgao ujao." Kijana aliomba msamaha mbele yangu, na kuni amebeba, nimeona kwa macho yangu.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya wiki mbili nilipita kwao jioni, nikamkuta mama ndiye ameshika gemu, na watoto wamemzunguka wanapiga kelele, "Geuza, mama, geuza!" Aliniambia kwa sauti ya chini: "Papa, usiku mawazo ya kule nyumbani yakinijia, ninawasha kitochi, ninazima sauti watoto wasiamke, ninapanga matofali. Kichwa kinapumzika kidogo."

Sikumcheka. Mwaka 2017 watafiti walitoa habari ya majaribio ya Oxford, Uingereza. Watu 71 waliofikishwa hospitali baada ya ajali za barabarani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja waliambiwa waikumbuke ajali kidogo, kisha wakacheza Tetris kama dakika 20, ndani ya saa sita tangu ajali. Katika wiki iliyofuata, picha za ajali ziliwarudia kwa asilimia 62 pungufu kuliko wenzao wasiocheza. Watafiti wanafikiri macho ya akili yakishughulika kupanga maumbo, picha mbaya inakosa nafasi ya kukaa imara.

Ila tuelewane. Hiyo ilikuwa ajali mpya, si majeraha ya vita ya miaka mingi, na gemu si dawa. Mwenye kukosa usingizi kila siku aende kwa washauri wa kituo cha afya. Mama nimemshauri hivyo, na amekwenda.

Kwa hiyo, vijana, msidanganyike. Posho ya nyumba haichezewi kwa maneno ya sokoni, uliza kwanza. Na wazazi, kabla ya kutupa gemu ya mtoto, kaeni naye mcheze. Thamani yake mnaweza kuikuta hapo.

KWA WATOTO WASIO NA GEMU

Chukua katoni ya zamani. Kata yale maumbo saba, kila moja miraba minne: kijiti, mraba mkubwa, T, L, L iliyogeuka, S na Z. Kisha kata L nyingine ya pili, uziunganishe hizo L mbili upate mstatili. Ni rahisi.

Sasa weka pembeni ile L ya pili, ubaki na saba zile za kwanza. Zina miraba 28. Jaribu kujaza mstatili wa 4 kwa 7. Utakesha, haiwezekani! Kwa nini? Paka miraba rangi mbili kama ubao wa drafti, kisha chunguza ile T. Mwenye jibu alete kwetu kabla ya toleo lijalo.

Kwa herini, tuonane mwezi ujao.